Mluzi wa Tusekile na Mbwa Aitwaye Sindano

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mdogo wangu Andendekisye acha kusimama mlangoni kama karani wa kodi, ingia ukae, maana pumzi niliyobaki nayo haifiki huko. Mzee wa kanisa Timotheo yupo hapa ili asikie na aandike. Nitakayosema leo sikuhadithiwa na mtu. Yote niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, na pale ambapo macho hayakufika, nilikuwa karibu sana.

Habari za ng'ombe sina haja ya kuzirefusha, desturi yetu mnaijua: wanakwenda kwa Andendekisye, naye atamwoza Isakwisa kwa ng'ombe hao hao, asije akajifanya amesahau. Shamba la pareto ni la mama yenu Sekela mpaka atakapochoka mwenyewe. Kinachonisumbua ni huyu Sindano aliyelalia miguu yangu, kwa sababu nawasikia mnavyonong'ona huko jikoni mkidhani mgonjwa ni kiziwi. Andendekisye anataka kumfunga mnyororo alinde duka lake Mbalizi, na Isakwisa anataka kuwindia digidigi. Mkimfanyia hivyo, kondoo wangu arobaini na mmoja hawatamaliza kiangazi hiki kwenye milima hii ya ukungu. Basi jueni kwanza mbwa huyu ni nani.

Kabla ya vita vile vya pili nilichunga kwa Mjerumani kule Mufindi, upande wa Iringa. Alikuwa na mbwa mkubwa wa masikio yaliyosimama, jamii ile ile ambayo siku hizi askari hutembea nayo kutisha watu, na watu hudhani aliumbwa kwa kuuma. Si kweli. Mjerumani aliniambia kwamba kwao malisho na ngano vimepakana bila ua wala senyenge, na mbwa ndiye ua wenyewe. Nilimwona akitembea juu ya mfereji tangu asubuhi hadi jioni, akienda na kurudi, kondoo upande huu na ngano upande ule, na kondoo aliyenyoosha shingo alirudishwa kabla hajaonja jani. Mbwa alifanya kazi, mimi nililala, na mshahara nilipokea mimi.

Baada ya vita ndipo nikaja kwa Mskochi hapa Uporoto. Mbwa wake Megi aliletwa kwa gari moshi hadi Itigi, akapanda basi kupitia Chunya, nami ndiye niliyemtoa kwenye sanduku la mbao pale Mbeya. Nilimcheka, maana alikuwa mdogo, mweusi, mwenye shingo nyeupe kama mwalimu aliyevaa kola. Kesho yake alinifunga mdomo. Kwao Uskochi milima ni mitupu, kondoo hutawanyika mbali na mchungaji ni mmoja, kwa hiyo mbwa wao hafundishwi kubweka. Huwazunguka kondoo kwa nyuma, kimya, tumbo karibu na ardhi, halafu huwatazama. Hutazama mpaka kondoo mwenyewe anaona haya na kugeuka. Na huongozwa kwa mluzi, kwa kuwa mluzi huvuka bonde ambalo neno haliwezi kuvuka.

Mskochi aliagiza wengine watatu kama Megi, na homa ya kupe ikawamaliza wote watatu. Hapo nataka jirani yetu Yotamu aitwe baadaye aambiwe, kwa sababu nimemwita mwongo kwa miaka sita kuhusu jambo hili. Yotamu alikuwa na dume lake la mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, lililowahi kupambana na fisi mlangoni pa zizi na kubaki na sikio moja. Dume hilo ndilo baba yake Sindano, kama Yotamu alivyosema siku zote, na Megi ndiye mama. Mskochi alipoona watoto wenye rangi ya udongo aliniamuru nikawazamishe mtoni, nami nikaenda mtoni kweli, lakini niliporudi blanketi langu lilikuwa linalia. Macho ni ya mama, damu ya kushinda kupe ni ya baba. Sindano akizaa, mtoto wa kwanza mpelekeeni Yotamu, mmwambie kwamba mimi Jailos nimesema samahani. Mwambieni polepole, asije akazimia.

Nipeni maji kidogo.

Sasa sikilizeni mluzi. Mmoja mrefu, mbwa analala chini. Miwili mifupi, anakwenda kushoto. Unaopanda, anakwenda kulia. Na ule unaoshuka na kukatika mwishoni, analeta kondoo wote nyumbani. Bila hiyo mbwa huyu ni mlaji wa ugali tu. Isakwisa, mwanangu, nakupenda, lakini meno yako ya mbele uliyaacha uwanja wa mpira, na mluzi wako ni kama mtu anayepuliza chai. Andendekisye, wewe hujapiga mluzi tangu ulipobatizwa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilianguka kule juu. Vumbi la mawe nililovuta ujanani kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi lilinibana kifua, ukungu ukashuka, kondoo wakapotea ndani yake, na Sindano akalala mbele yangu akinitazama mdomoni, akingoja. Nilipuliza, ikatoka hewa tu. Nilijua kondoo wamekwisha, na labda mimi pia. Ndipo mluzi ukatoka bondeni, kwenye shamba la pareto, ule unaoshuka na kukatika. Sindano akaruka kama amechomwa. Sikumwona tena, nilisikia kwato tu zikipita pande zote mbili za kichwa changu, na jioni mkahesabu kondoo wote. Niliwaambia nyote kwamba nilipiga mimi, na mkanisifu, na pombe nikanywa. Sikuwa mimi. Alikuwa huyu binti yangu Tusekile.

Usiiname, mwanangu. Nilijua unajifunza kwa kujificha tangu ukiwa na miaka tisa, mama yako alipokuchapa kwa sababu binti hapigi mluzi, na baba yako mdogo akasema unaita mkosi. Siku ile niliwanyamazisha wote. Niliwaambia kwamba kule Uskochi aliyewafundisha mbwa wa yule Bwana Mskochi ni mama yake Bwana, na kwamba picha yake nimeiona mwenyewe ukutani: bibi kizee, kitambaa kichwani, vidole viwili mdomoni, na mbwa saba wamelala mbele yake kama wanafunzi. Tangu siku hiyo hukuchapwa tena.

Basi Sindano ni wa Tusekile, na kondoo ni wa Tusekile. Akiolewa anakwenda nao, na mume asiyetaka mke anayepiga mluzi mmwambie mapema arudi kwao. Andendekisye, shika kamba hii. Mpe. Mkononi mwake, si chini. Sema kwa sauti kwamba umekubali. Nimesikia. Timotheo, umeandika? Andika.

Isakwisa, mlinde dada yako, na yeye atakulishia kondoo wako wa harusi. Sekela, mke wangu, ulivumilia mbwa ndani ya nyumba na mimi pia, ndaga, asante sana. Nizikeni upande wa juu, nisikie zizi. Mungu awape miguu ya kupanda na... na watoto wenye kelele. Msigombane.

Tusekile, fungua mlango. Piga ule wa kurudisha nyumbani. Usione haya.

Hivyo. Mwone anavyokwenda.

Sogea, nikuambie. Wao wasikie tu, Timotheo ameshaandika. Mama yake Bwana... simjui. Picha haikuwa ukutani. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti, bibi ameshika kikombe. Vidole mdomoni... niliviweka mimi.