Uzi wa Wavu kwenye Tumbo la Baba Asende

Bwana asifiwe! Naona wa nyuma hawakunisikia: Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Asende wa kwaya, yule ambaye hamkumwona kanisani muda mrefu, mkafikiri amehamia kanisa lingine. Sikuhama. Nilikuwa hospitali na mume wangu. Leo nimesimama hapa kwa sababu Mungu alitutoa katika mambo mawili, ugonjwa na masengenyo, na mpaka sasa sijui lipi lilikuwa zito kuliko lingine.

Baba Asende mnamjua. Ni fundi wa nyavu hapa Baraka, anakaa kule ufukweni na uzi umenaswa kwenye kidole gumba cha mguu, akitaniana na kila anayepita. Basi utani ulianza kupungua. Macho yakawa ya manjano. Ngozi ikamwasha, akajikuna mpaka damu. Miguu ikajaa, kisha tumbo likavimba. Mwanamume mwembamba vile, akawa na tumbo la mama wa mapacha! Akilala chali anakosa pumzi. Nikampeleka hospitali, wakampima, wakatuambia ni ini. Limekuwa likiharibika polepole miaka mingi kwa ugonjwa ulio katika damu, na yeye hakujua. Tukarudi nyumbani na vidonge, nikidhani watu watatuhurumia.

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa Fizi kama mimi. Tumbo likivimba kwetu, nani anauliza habari za ini? Wanauliza nani anapika. Na nyumbani kwa Baba Asende anayepika ni mimi.

Dada Riziki, dada mkubwa wa mume wangu, alifika na blanketi lake. Huyu ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki, alimbeba mgongoni yeye mwenyewe angali msichana. Alilitazama lile tumbo, akanitazama mimi, akasema majirani wakisikia:

"Ii haiko ugonjwa. Ni sumu. Kuanzia leo chakula yake itatoka mu mikono ya damu yake."

Akanichukulia mwiko mkononi. Ndugu zangu! Nimepika katika nyumba ile tangu ubibi harusi mpaka nikapata wajukuu, leo mwiko wangu unachukuliwa kama kisu cha mwizi! Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba ili mume wangu asisikie. Wanawake waliokuwa wakija kwangu kuomba kaa la moto wakaanza kupitia upande mwingine.

Dada Riziki alipika kwa upendo, sitamsingizia. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, naye hakuuliza. Alimpa kile mdogo wake alichokipenda tangu utoto: mikeke, wale samaki wetu wa ziwani, waliokaushwa kwa chumvi, wenye mchuzi mzito, juu ya bugali. Kila siku mikeke. Na tumbo likaendelea kujaa.

Kisha akili ya mume wangu ikaanza kumtoka. Alisinzia mchana kutwa. Akiamka viganja vinapigapiga hewa, na mimi ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Dada Riziki akasema sumu imepanda kichwani. Akaita pikipiki: apelekwe Lulimba, kwa mganga wa kienyeji anayetapisha watu sumu. Ndugu zangu, hofu iliyonishika hapo siwezi kuwaelezea. Hospitali walikuwa wamenionya kwamba mishipa ya koo lake imevimba, na akitapika kwa nguvu inaweza kupasuka, damu immalize njiani. Nilisema hivyo. Nani amsikilize anayeshtakiwa?

Niliomba maneno machache tu, "Baba, wasimtapishe," nikakimbia kumwita Mama Zaina. Huyu ni jirani yetu, muuguzi wa hospitali. Ni Mwislamu, anaswali, hajawahi kuimba nasi hata wimbo mmoja. Lakini Mungu hakuniuliza nataka msaidizi wa dhehebu gani! Mama Zaina alikuta mume wangu ameshapakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na dada yake, kichwa kinaning'inia.

Nilifikiri atagomba. Hakugomba. Alikishika kile kichwa kwa viganja viwili, akauliza polepole:

"Da Riziki, hajaenda ku choo tangu lini?"

Dada Riziki akafikiri. "Siku mingi. Hata sijue."

"Njo ile inamupanda ku kichwa. Ini imechoka, uchafu inabakia mu tumbo, inalevya akili. Tumupeleke ku hospitali. Kule pia we njo utamukalia, chakula yake itapita mu mikono yako. Mutu hatakuondoa."

Hapo ndipo alipomweza, ndugu zangu. Hakumwambia kwamba ni mjinga, hakubishana naye habari za sumu. Alimpa kazi. Dada Riziki akamgonga dereva begani ageuze pikipiki.

Hospitali wakampa dawa ya maji, tamu sana, ya kumfungulia tumbo. Nisameheni, niko mbele ya madhabahu, lakini ushuhuda ni ushuhuda: ukombozi wa mume wangu ulianzia chooni! Chekeni, hata mimi nilicheka baadaye. Mama Zaina alimwosha kila mara bila kukunja uso. Alimgeuza ubavu huu na ubavu ule ili mgongo usitoke vidonda, akamwinulia kichwa apate pumzi, akamkata kucha ili asijichubue, akamfuta ngozi kwa kitambaa cha maji baridi huku akimsimulia habari za mjini kana kwamba anasikia. Na kweli, akaanza kusikia. Akafumbua macho, akaniona nimesimama mlangoni, maana kando ya kitanda nilikuwa natazamwa vibaya, akasema:

"Mama Asende, mbona umekonda ivi?"

Nililia! Yeye mwenye ini bovu ananihurumia mimi!

Akili ilirudi, lakini tumbo lilibaki. Daktari akampa vidonge vya kutoa maji kwa mkojo, na tumbo likawa la kupimwa kila asubuhi. Mama Zaina alikuwa na utepe wa namba. Ila Dada Riziki hakusoma, na namba za watu hakuziamini. Mama Zaina akaukunja utepe wake, akaurudisha mfukoni. Akamwomba mume wangu ule uzi wa nyavu ambao haumtoki mfukoni hata akiumwa. Akachora alama kwa kalamu kwenye mbavu huku na huku, akauzungusha uzi juu ya kitovu, akamwambia Dada Riziki atie fundo la alama kwenye uzi, pale ncha inapokutana nao.

"Kila asubuhi, mbele ya kula. Pa alama ile ile. We mwenyewe."

Asubuhi za mwanzo ncha ya uzi haikufika tena kwenye fundo. Tumbo lilikuwa limeongezeka. Dada Riziki akanitupia jicho, lakini angesema nini? Mimi hata maji ya kunywa sikumpa. Mama Zaina akauliza kimepikwa nini, akaonyeshwa mikeke.

"Da Riziki, chumvi inashika maji mu mwili, na hii tumbo ni maji. Umupikie samaki mubichi, nyanya, kitunguu, ndimu. Chumvi hapana."

"Bila chumvi? Si adui njo anapewaka chakula bila chumvi!"

"Jaribu tu. Uzi utakuonyesha."

Akapika huku akinung'unika. Baba Asende akaonja tonge la kwanza, akamtazama. "Dada, nimekukosea nini?"

Basi siku zikapita. Mimi nilikuwa nyuma ya wodi, nikifua mashuka yake na kuomba, kwa sababu ndiyo kazi niliyoachiwa. Asubuhi moja nikasikia naitwa. Nikaingia na mikono ina povu. Dada Riziki ameinama juu ya kitanda, uzi umezunguka tumbo, ncha imefika kwenye fundo na bado umelegea, vidole vyake vinaingia chini yake bila taabu. Mwenye macho haambiwi tazama. Aliketi taratibu ukingoni mwa kitanda, uzi bado mkononi.

"Mama Asende, hii tumbo ilipanda wakati mi njo nilikuwa napika. Kama mwenye kupika njo mulozi, basi mulozi ni mi."

Ndugu zangu, ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nimeyapanga yote kichwani wakati wa kufua! Lakini nilimwona jinsi alivyozeeka ndani ya wodi ile, nikakumbuka mgongo uliombeba mume wangu. Nikamwambia, "Hapana, dada. Ulikuwa unamupenda."

Akainuka, akaenda kwenye jiko wanalopikia wanaouguza wagonjwa, akarudi na mwiko wangu. Akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Pika. Na mi nitakula."

Mchana ule alikula kwenye sahani moja na mdogo wake, chakula changu, mbele ya watu wote. Ni yeye aliyetangulia kumega tonge.

Sitawadanganya, ini halikugeuka kuwa jipya. Baba Asende anameza vidonge, anarudi kupimwa, na watoto wetu nao tumewapeleka wapimwe damu. Lakini yuko hai, ananitambua kwa jina langu! Baba Asende, inua mkono wakuone. Yule pale karibu na dirisha, na anayemshika bega ni Dada Riziki.

Asante Yesu! Asante kwa mikono ya Mama Zaina, isiyochoka kuosha mtu. Wewe uliye na mgonjwa nyumbani, mtumainie Mungu na umpeleke hospitali, vyote viwili vinaingia katika imani moja. Na anayempikia usimnyooshee kidole, msaidie kubeba maji. Nimeacha sufuria jikoni, Dada Riziki ametoka nyumbani ameshaonja. Tukitoka hapa karibuni nyote mle kwangu. Chumvi tu, kila mtu aje na yake.