Hakulala Kazini: Maisha ya Vibert Aubrey Bovell, Mfunga Lango

Bibi amesema nisome taratibu na nisimtukane mtu, maana tuko kanisani. Nitajaribu. Mimi ni Kelon, mjukuu wake. Ofisi ya mifereji imeandika kwamba Jumatatu ya tarehe 13 Januari bahari iliingia mtaani kwetu kwa sababu babu alilala kazini. Mtaa mzima mkalibeba neno hilo kama mkate wa bure. Leo tunamzika, na hatumziki na neno hilo.

Marehemu Vibert Aubrey Bovell alizaliwa tarehe 16 Februari 1962, hapa hapa Georgetown, Mtaa wa Vosper, siku ya ghasia, mji ulipoungua. Wakubwa mnaikumbuka. Maduka ya Water Street yanawaka, moshi wa mabomu ya machozi unaingia madirishani, na mama yake, Clarice, yuko kitandani na uchungu. Baba yake, Egbert, alitoka kumfuata mkunga. Alirudi naye, lakini chupa ilikuwa imempasua kichwa. Mkunga akazalisha kwanza, akashona baadaye. Babu alikuwa anasema siku ile Georgetown nzima ililia kwa sababu ya moshi isipokuwa yeye, yeye alilia kwa sababu zake mwenyewe.

Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la sita. Kilichomtoa shuleni ni somo la jiografia. Mwalimu alisema mji wetu uko chini ya bahari, babu akanyoosha mkono akasema huo ni uongo, kama tuko chini mbona hatujalowa. Akachapwa fimbo sita. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwenye ukuta unaozuia bahari, akapanda juu saa ya maji kujaa. Upande huu akaona mtaa, mbuzi, nguo kwenye kamba. Upande ule akaona maji, na yale maji yamesimama juu kuliko yule mbuzi. Akarudi mbio kumwomba mwalimu radhi, akachapwa sita nyingine kwa kutoroka. Kesho yake hakurudi. Alikwenda kukaa na mzee aliyekuwa anafunga lango la mfereji wetu, lile tunaloita koka.

Kazi hiyo aliandikishwa rasmi tarehe 3 Agosti 1981, na aliifanya miaka arobaini na mitatu. Ile mifereji Waholanzi waliamuru, babu zetu wakachimba na minyororo miguuni, Waingereza wakaja wakabadilisha majina ya mitaa. Vibert Bovell ndiye aliyeachiwa mpini wa kuzungushia lango. Maji ya bahari yakipwa anapandisha lango, mfereji unatema maji ya mvua nje. Bahari ikianza kupanda anashusha, maana usiposhusha bahari inaingia. Mara mbili kwa siku, hata Krismasi na Pasaka, na mkononi kile kijitabu cha saa za maji. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Waliotupa takataka mferejini wanamjua. Jamaa mmoja alitupa godoro, babu akaliopoa, akalibeba likivuja tope mtaa mzima, akalirudisha ndani kwa mwenyewe kupitia dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Alimwoa bibi yetu, Drupattie Ramlochan, tarehe 9 Novemba 1985. Harusi mnayoiona kwenye picha ni nzuri. Kabla ya picha kulikuwa na panga. Nyumbani kwa kina bibi walisema mtoto wao wa Kihindi hawezi kuolewa na Mweusi wa mferejini, na kaka yake, Hemraj, akaja langoni mchana kweupe na panga la kukatia miwa. Maji yalikuwa yanaanza kupanda, babu ameshika mpini.

"Ngoja nishushe lango, bwana," babu akamwambia, "halafu tuendelee na habari yako."

Hemraj hakungoja. Panga lilipita kwenye mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka mferejini. Babu akafunga mkono kwa shati, akamaliza kushusha lango kwa ule wa kulia, akahakikisha limekaa, ndipo akaenda hospitali kwa miguu, Hemraj nyuma yake anatapika. Wiki tatu baadaye Hemraj alimleta dada yake mwenyewe kanisani. Tangu hapo kila Jumamosi anakula wali wa kunde na nazi nyumbani kwetu, na kila Jumamosi babu alimpitishia sahani kwa ule mkono wa vidole vitatu. Makusudi. Babu na bibi walijaliwa watoto wawili, Annmarie, ambaye ni mama yangu, na Ravindra, tunayemwita Ravi.

Sasa nafika kwenye hiyo Jumatatu. Mama alisema nipite haraka. Sipiti haraka.

Mvua ilianza Jumapili usiku na haikunyamaza. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo ni bamvua, bahari inapanda kuliko siku zote, na kijitabu kinasema bahari itajaa kabisa saa kumi na dakika ishirini alasiri. Lango limefungwa toka saa saba. Mitaani maji ya mvua yako magotini, hayana pa kwenda. Saa tisa watu kama thelathini wakaja langoni. Wengi wenu mmo humu na mnajijua. Mbele yao alikuwa Orin Lovell, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mama yake, Anti Yvonne, hawezi kutembea.

"Anko, fungua," Orin alisema. "Watu wanazama."

"Nikifungua ndiyo mtazama. Panda hapa uangalie upande wa pili."

"Sikuja kutazama bahari mimi. Mama yuko kitandani na maji yamefika kwenye godoro."

"Mpandishe juu ya meza, Orin. Saa moja na nusu usiku nafungua."

Mmoja nyuma akasema mzee amelewa. Mwingine akasema kibanda cha lango kimempa kichwa kikubwa, anajiona waziri. Mtu hata mmoja hakupanda zile ngazi tano kuangalia. Ngazi tano tu. Angepanda mtoto mdogo angeona Atlantiki imesimama kifuani mwa lango inasukuma. Lakini ukiwa na maji magotini unaona maji yako tu, na lango limefungwa, na mtu ameshika mpini.

Babu akauchomoa mpini, akaukumbatia. Ndipo wakaanza. Walimpiga kwa mbao za ua. Walimpiga kwa chupa. Mjomba Ravi alikuwa naye, wakamtupa mferejini, na kila akishika ukingo wanamkanyaga vidole. Kumnyang'anya babu mpini walimvunja mkono, na hata ulipovunjika hakuachia, wakamburuta nao. Orin akauchukua, akauchomeka, akazungusha. Lango lilipanda futi moja na nusu, si zaidi.

Bahari iliingia kama kundi la ng'ombe waliovunja zizi. Ngazi za nyumba tatu zilikwenda. Ua wa shule ulikwenda. Watu waliokuwa wanapiga kelele "zungusha, zungusha" walibebwa wakapigizwa kwenye nguzo za nyumba, na wawili walivunjika miguu. Orin akajaribu kurudisha, mpini haukubali kurudi nyuma, na yeye hakujua kinachouzuia. Akauacha akakimbilia kwa mama yake, na mimi sina la kusema hapo, hata mimi ningekimbia.

Babu alitambaa. Ravi aliona yote akiwa ameng'ang'ania mzizi. Kuna kijichuma kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma. Ukikigonga kikatoka, lango linaanguka lenyewe kwa uzito wake, lakini mpini nao unazunguka kama wazimu, na anayesimama hapo unampiga. Babu ndiye aliyekuwa anatukataza kila siku tusisogee karibu na kitu hicho. Alikigonga kwa jiwe, amekaa pale pale, maana mkono ulikuwa umevunjika na hakuweza kukifikia kutoka mbali. Lango likaanguka. Mpini ulimpiga kifuani mara tatu.

Akakataa kupelekwa hospitali. Alikaa kibandani, anatema damu kwenye kopo la rangi, hadi saa moja na nusu. Bahari ilipopwa akamwelekeza Ravi kupandisha, zungusha, pumzika, sikiliza mnyororo. Saa nne usiku Mtaa wa Vosper ulikuwa umekauka. Mlilala vitandani mwenu.

Kesho yake mkaguzi wa ofisi alipokuja mkamwambia mlimkuta amelala na lango liko wazi.

Aliugua siku kumi na moja. Mbavu nne zilivunjika, moja ilitoboa pafu, kisha homa ikaingia. Kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa maji yako wapi saa hizi. Tulipomwambia mnayomsema, mimi nilikuwa tayari nimeshainuka na najua nilikokuwa naelekea. Akanishika shati. "Waache," alisema. "Walikuwa na maji miguuni." Alifariki Ijumaa tarehe 24 Januari 2025, saa tatu asubuhi, bahari inapwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Yeye aliwaacha. Sisi hatukuahidi kitu.

Alhamisi hii jioni tulikuwa chini ya nyumba, katikati ya nguzo zake, kwenye matanga, watu wanacheza dhumna, Orin Lovell akaingia. Akaenda moja kwa moja kwa bibi, akavua kofia.

"Mama Dru, mimi ndiye niliyepandisha lango," akasema. "Anko hakulala. Niandikeni hivyo, na jina langu liwemo."

Ravi aliinuka na chupa. Kaka wa bibi, Hemraj, ana miaka sabini na moja na goti moja bovu, akatoka jikoni na panga. Bibi hakusimama hata.

"Hemraj, weka chini. Wewe ulishalitumia la kutosha kwenye nyumba hii."

Akamgeukia Orin. Akamuuliza mama yake anaendeleaje. Orin akasema yuko juu kwa jirani, mzima, hamwongeleshi tangu amwambie ukweli.

"Ofisini umesema?"

"Kesho."

"Kesho asubuhi," bibi akasema. "Halafu Jumamosi. Makaburi yetu unayajua, ukichimba futi tatu maji yanachimbuka. Mume wangu hataelea. Wewe uliingiza maji, Orin. Nenda kayatoe."

Jana asubuhi Orin alikwenda ofisini, akaandika, akatia sahihi. Nakala iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha ibada mlichoshika, someni wenyewe. Na sasa hivi, ninaposoma haya, yuko ndani ya kaburi na ndoo toka saa kumi na mbili asubuhi, anachota, linajaa, anachota. Nilipita kumwangalia. Tulitazamana. Mnaotaka kumpiga mtamkuta huko, hawezi kukimbia, tope liko mapajani. Lakini wale thelathini wa siku ile, kila mmoja wenu aje na ndoo yake kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Drupattie. Watoto, Annmarie na Ravindra. Wajukuu Kelon, Shondell, Tarika na Egbert mdogo. Dada yake Ismay, aliye Brooklyn, amekosa ndege na analia kwenye simu. Shemeji yake Hemraj. Na Mtaa wa Vosper wote, wenye shukrani na wasio nayo.

Vibert Aubrey Bovell, mfunga lango, apumzike kwa amani, na apumzike pakavu.