Ñapa ya Diski

Benchi lililo mbele ya nyumba wanamoandikia programu za kutunza mafaili, hapo Barrio Abajo, Barranquilla, lina wenyewe. Yupo Profe, aliyewahi kufundisha hesabu na mpaka leo hawezi kukaa bila kumsahihisha mtu. Yupo Cachaco, aliyehamia kutoka Bogotá, na kwa kuwa huku pwani watu wa Bogotá husemwa ni bahili, ubahili wote wa mtaa anatwishwa yeye. Wa tatu ni Nubia, mwandishi wa programu humo ndani, na leo kahawa haimshuki. Ameandika jaribio, programu ndogo ya kuhakiki kwamba kila mtumiaji wa diski anapata nafasi aliyogawiwa. Jaribio limegoma kupita kwenye mashine mpya, na lisipopita kufikia jioni wakubwa wanalifuta, kazi ya miezi mingi iliyoandikwa jina lake.

— Hebu rudia taratibu, — alisema Profe.

— Nimempa mtumiaji wa majaribio kilobaiti mia. Anaandika mpaka diski iseme basi. Mashine nyingine zinasema basi kwenye mia. Hii inasema kwenye sitini na nne.

— Imeundwa Bogotá hiyo.

— Ameshaanza, — aliguna Cachaco.

— Inagawa kwa vipande vizima, Profe, na kipande chake kimoja ni sitini na nne. Ukiomba cha pili inajumlisha, inapata mia na ishirini na nane, inaona mia imepitwa, inakukatalia.

— Kipande wapi! Joto hilo. Diski imevimba, kilobaiti zimenenepa. Mia nyembamba ni sawa na sitini na nne nene.

— Mie naona mashine imeshtuka, — alidakia Cachaco. — Imejua huyo mtumiaji ni wa uongo. Nani ampe mtu hewa mia nzima? Hata mie nisingempa.

— Wewe hata wa kweli humpi! — alisema Nubia, akajikuta anacheka.

Muuza kahawa akapita, akawajazia vikombe, kisha akamdondoshea kila mmoja tone la juu la bure.

— Na ñapa yako, mami.

Profe akaruka kama kaumwa na siafu.

— Si hiyo hapo! Jaribio lako halina ñapa! Limezaliwa pwani, linadai kama Cachaco! Liambie lisamehe pungufu la kipande kimoja, mambo yaishe.

Nubia akaweka kompyuta magotini, akaongeza mstari mmoja, na huo mstari akaupa jina la ñapa. Akaliendesha jaribio. Likapita! Profe akapiga makofi, Cachaco akapiga mluzi, na Nubia akahisi mabega yamekuwa mepesi. Ikabaki kubonyeza tu, kazi iende.

Hapo ndipo alipofika Doña Eneida, katibu wa shule ya muziki ya jirani. Rekodi za wanafunzi wake zinatunzwa na programu ya kina Nubia.

— Mnashangilia nini, nyie?

Cachaco akamweleza yote, mpaka ñapa.

— Sasa, mwanangu, — alisema Doña Eneida akivuta nafasi ya kukaa, — mtu kaahidiwa mia, kaambulia sitini na nne. Hiyo ñapa kapewa nani?

Profe akahesabu kwa vidole.

— Kihesabu, pungufu thelathini na sita.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtupia Cachaco lawama. Nubia aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ñapa hupewa mnunuzi, na yeye kaimimina kwa muuzaji, yaani kwao wenyewe.

Akaufuta ule mstari. Jaribio likagoma tena, jekundu.

— Watalifuta jioni, dada, — alinong'ona Cachaco.

— Walifute, — alisema Nubia, ingawa iliuma. Akajisogeza karibu na yule mama. — Doña Eneida, watoto wako tuliwaahidi nafasi kiasi gani?