Kokoto Ndani ya Injini

Foleni ya basi za Gihosha haikusogea, maana basi zenyewe zilikuwa zinatafuta esansi, yaani petroli. Léoncie, msichana asiyezoea kusema mbele ya watu, alisimama nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakibishana. Mmoja alishika pistoni iliyotoboka, kama mtu anayempelekea daktari jino lake.

"Massoudi, umeniulia injini!"

"Mi? Si weye ulilia, 'Fundi, esansi hakuna, ingia mu kompyuta ya gari upunguze inayokunywa'? Nikapunguza. Na buji, zile plagi, nikafanya ziwake mapema, gari isikose nguvu."

"Haukuniambia itaungua."

"Nilikuambia apana kupanda mulima na muzigo! Weye ukaenda Bugarama kubeba viazi. Haukusikia inagonga?"

"Nilisikia kama kokoto mu kopo. Nikafikiri ni barabara."

"Barabara!" Massoudi alicheka peke yake. "Jimmy wa Cibitoke nilimufanyia vilevile. Ye ana akili, anabaki mu mji."

Jimmy ni kaka yake Léoncie, na teksi yake ndiyo inayowalisha wote nyumbani. Asubuhi Jimmy alikuwa amepakia watu wa harusi, kuwapeleka Bugarama. Léoncie aliinua mkono amguse fundi begani, ukaishia hewani. Basi ikafika, watu wakasukumana, Massoudi akapanda. Léoncie akabaki chini na simu sikioni.

"Sema haraka, dada, tuko mu mulima," Jimmy alijibu kwa furaha. "Unasikia kelele hii? Barabara imejaa kokoto."