Saini ya Kalathoumi kwa Dari la Boanamary

Ndugu waombolezaji, marehemu Kalathoumi binti Anli alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 mjini Hell-Ville, Nosy Be, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1990, kisha akavushwa bahari hadi bandari ya Ankify, kuja kwa shangazi yake hapa Mahajanga, alikomaliza ufundi wa ujenzi mwaka 1998, msichana peke yake darasani na mwenye ulimi mkali kuliko wote.

Mwaka 1999 aliajiriwa katika maabara ya kampuni ya ujenzi, kuvunja silinda za zege kwa mashine na kuandika zimehimili uzito gani. Tangu mwaka 2012 alipima zege jipya, linalotiririka na kujaza kila kona lenyewe bila kushindiliwa, akathibitisha kwamba majivu ya volkano ya Nosy Be, yakisagwa laini na kushika nafasi ya sehemu ya saruji, huchelewa kukaza lakini kufikia siku ya tisini hulipatia zege nguvu kuliko saruji tupu. Waliopima siku ya saba na kuyakataa walimtia kinyaa, akawaita wapakua wali mbichi.

Aliolewa na Bwana Daoud Kamardine tarehe 14 Julai 2001, wakajaliwa Bahia na Oumouri.

Mwaka huu wa 2019, wodi ya wazazi ikijengwa Boanamary, msimamizi wa kampuni aliacha majivu, akatia vumbi jekundu la kingo za mto katika zege la dari, zege likatiririka vizuri, wakubwa wakapiga makofi, lakini silinda zikavunjika kabla ya nusu ya nguvu iliyotakiwa. Marehemu alikataa kutia saini hati ya kuthibitisha dari hilo. Msimamizi akaleta silinda nyingine, zilizotengenezwa uani kwa zege safi, na marehemu, akiwa anaugua moyo na kupelekwa hospitali kwa gari la kampuni hiyo hiyo, alijua si za dari lile, lakini akatia saini tarehe 4 Juni. Tangu siku hiyo hakuweza kula kwa mkono ule uliotia saini, Bahia akamlisha kwa kijiko, marehemu akisema mkono wake mwenyewe unamtapisha.

Alifariki jana, Jumatano tarehe 11 Septemba, baada ya kumwandikisha kaka yake Fazul, anayewasomea sasa, maneno haya yote, tangu kuzaliwa kwake hadi saini ile. Wodi inafunguliwa Jumatatu. Msimlaze mzazi chini ya dari lile. Vipande vya silinda za kwanza viko chini ya kitanda chake, mwenye shaka aje avisugue kwa kidole, vinamong'onyoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wenzake wa maabara. Kampuni iliyotuma mchele, magunia yako mlangoni, yachukueni.

Kalathoumi, tumesoma yote, hata mstari wa ile saini tuliotaka kuuruka. Mwenyezi Mungu akusamehe, akupumzishe.