Danford Masunga na Sola Juu ya Ngitili

Danford Masunga alizaliwa Nkololo tarehe 12 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Masunga na Mama Milembe. Mama yake alisimulia kwamba aliingia duniani akipiga kelele. Hakunyamaza tena.

Alimaliza darasa la saba hapahapa mwaka 1973, akawa karani wa ushirika wa pamba hadi alipostaafu. Mwaka 1981 alimwoa Esteria Mboje wa Lagangabilili. Shemeji yake Athanasi, aliyehamia Nkololo baadaye, alimtania miaka yote kwamba ng'ombe wa mahari walikuwa wamekonda.

Mwaka 2014 alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na hapo ndipo mambo yalipopamba moto. Halmashauri ilitafuta eneo la kuzalisha umeme wa sola kwa ajili ya zahanati na pampu ya maji. Lililofaa lilikuwa kwenye ngitili, malisho tunayoyafunga masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Athanasi alisimama mkutanoni akasema, "Shemeji, ng'ombe hali umeme." Watu wakapiga makofi. Danford akatoa ngitili yake mwenyewe.

Aliagiza paneli zifungwe chini, kimo cha mbuzi, ili azifute vumbi bila ngazi. Msukuma huyu akasahau fahali wake! Siku ya kwanza fahali alijikuna kwenye nguzo, safu nzima ikalala. Danford alicheka hadi machozi, kisha akaomba nguzo ziinuliwe ng'ombe wapite chini. Kiangazi kilipofika, nyasi za kivulini zilikuwa bado mbichi na maji yalikuwa yakitoka bombani. Furaha iliyoje! Alimpigia simu kila mtu, hata waliokosana naye, na wafugaji wakaja kutoka Mwamanyili kujionea.

Akabaki na hamu moja: kijiji kipitishe sheria ndogo ya kuruhusu sola juu ya ngitili zote. Athanasi na wenzake waligoma. Mwaka 2024 Danford aliugua figo, akatibiwa Bariadi na Mwanza. Kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kwanza kama mkutano umekubali. Alifariki tarehe 9 Agosti 2025 bila kupata jibu.

Ameacha mjane, Esteria. Watoto watatu, Kabula, Sylvester na Gloria. Na wajukuu wanane. Jana, wanaume walipomaliza kuchimba kaburi hili, Athanasi aliweka jembe chini akamwambia mwenyekiti wa sasa, "Itisheni mkutano. Ngitili yangu ipimwe ya kwanza." Hakuna aliyepinga.

Danford, shemeji yako amekubali. Sasa pumzika kwa amani.