Pale Aliposimama Simioni

Ndugu waombolezaji, wageni wetu wa Nyanungu na Migori, wazee shikamooni, mimi ni Ezra, kaka mkubwa wa marehemu, kusoma nimejifunza juzi tu nikiwa na miaka hamsini na tisa, kwa hiyo nikienda polepole mnivumilie, karatasi hii nimeiandika mwenyewe.

Dokta Simioni Heche alizaliwa tarehe 4 Mei 1966 hapa Kerende, akasoma shule ya msingi hapahapa mwaka 1974 hadi 1980, sekondari Musoma, halafu chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1998 akapata udaktari wa fizikia huko Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kupiga gesi kwa mwanga mkali mpaka inavunjika, wao wanaiita plazima, halafu humo ndani anasukuma chembe zisizoonekana kwa macho ziende kasi ya ajabu, na kasi ambayo mashine kubwa zinaifikia kwa mita nyingi, ya kwake iliifikia kwa upana wa kidole.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Selestina Awino wa Migori, wakajaliwa mtoto mmoja, Neema.

Januari 2017 aligundulika kuwa na saratani ya ini, mwezi wa sita akarudi nyumbani, kiunoni amevaa kipimo cha mionzi kwa mazoea tu ya kazi, watu wakasema kile kinanusa dhahabu. Alikuwa akitembea anachoka, anasimama apumzike, wachimba dhahabu waliomfuata wanachomeka kijiti, kesho yake pana shimo. Aliwaeleza kwamba kile hakijui dhahabu, wakacheka, "Profesa, hebu simama na hapa kidogo!" Akaacha kutoka, akawa anakaa mlangoni, wakachimba mpaka ukuta wa jiko.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, aliomba kitu kimoja tu, alale karibu na baba. Jana wachimba kaburi walipofika futi nne, walisikia nyundo chini ya miguu yao.

Tunawashukuru madaktari wa Mwanza, majirani mliopika na kukesha na sisi, na wenzake wa kazini waliotuma salamu. Na ninyi mliomo chini, ndugu zenu tumekaa nao hapa, Simioni hakuwahi kusimama mahali hapa na kile kipimo, hapa yupo baba tu, tokeni kwanza tumshushe.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kama watakuacha.